Mkupuo au hatua kwa hatua? Ulinganisho wa njia za kuwa rubani wa ndege za abiria

Vijana wanaotaka urubani huniuliza mara nyingi, "Shule ipi nzuri?" Huwa nawarudisha nyuma kidogo. Shule nzuri ziko nyingi, na hata mwanafunzi wa shule nzuri hukwama. Jiulize kwanza hivi: siku masomo yatakaposimama katikati, iwe kwa pesa, ugonjwa, mtihani au ajira kufungwa, njia niliyochagua itaniacha na nini mkononi? Kwa kipimo hicho ndicho ninazilinganisha njia hizi. Zote zinadai maandalizi na uvumilivu, ila kila moja inaudai uvumilivu huo mahali pake.

Kwa wengi uamuzi ni kati ya njia mbili. Ya kwanza ni ya mkupuo: unaingia shuleni hujawahi kurusha ndege, unasoma kutwa nzima bila kazi nyingine, unatoka ukiwa na leseni ya biashara. Ya pili ni ya hatua kwa hatua: unapata leseni ya rubani binafsi, unapumua, unakusanya saa, unasoma nadharia, unaongeza kibali kimoja baada ya kingine kadiri mfuko na muda vinavyoruhusu. Pembeni kuna milango miwili myembamba zaidi, ukadeti wa shirika la ndege na jeshi. Nitaigusa.

Yasiyobadilika popote upitie

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka viwango vya chini ambavyo nchi hujenga sheria zake juu yake. Leseni ya rubani binafsi, PPL, inataka umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 katika mafunzo yaliyoidhinishwa. Leseni ya biashara, CPL, inataka miaka 18 na saa 200, au 150 ukisoma ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa, ATPL, ile inayomwezesha mtu kuwa kapteni wa ndege kubwa ya abiria, inataka miaka 21 na saa 1,500. Kiingereza cha redioni lazima kifike angalau daraja la 4 kati ya 6, na mwenye daraja la 4 anatakiwa kupimwa upya ndani ya kila miaka 3. Upande wa mwisho, safari za kimataifa za biashara zimefungwa kwa rubani aliyetimiza miaka 65. Wanaodhani wamechelewa waifanye hesabu hiyo vizuri: anayeanza na miaka 35 akamaliza na 38 bado ana zaidi ya miaka 25 mbele yake.

Kisha kuna afya, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Rubani wa biashara anahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza. Rubani binafsi anahitaji cha daraja la pili tu, ambacho ni chepesi zaidi. Pengo kati ya vyeti hivyo viwili limewameza watu. Nilisoma na kijana mmoja mwenye mkono mwepesi kuliko wetu sote. Alianza na cheti cha daraja la pili, macho yake yakawa hayatofautishi baadhi ya rangi, akaruhusiwa kuruka mchana tu. Hakuona shida, kwa sababu masomo ya mwanzo ni ya mchana. Alipokwenda kupimwa daraja la kwanza, tayari ameshalipia zaidi ya saa 60, akakataliwa. Angejua hilo kwa siku moja, kabla ya kulipa chochote.

Kwa hiyo, ikiwa ni mkupuo, ni hatua kwa hatua, ni ukadeti, daktari wa anga ndiye mtu wa kwanza kumwona, tena kwa cheti cha daraja la kwanza hata kama sheria bado haikulazimishi. Miwani peke yake haimzuii mtu. Usijikatie tamaa kabla hujapimwa.

Mkupuo: uvumilivu wa siku

Nguvu ya njia hii ni mwendo. Unaruka leo, kesho na keshokutwa, mkono haupati nafasi ya kusahau. Kosa la kutua ulilofanya asubuhi unalirekebisha kabla jua halijazama. Kozi nyingi za aina hii huchukua kati ya miezi 18 na 24. Sheria nazo zinaithamini: Ulaya, kwa mfano, aliyesoma kwa mkupuo anaweza kupata leseni ya biashara kwa saa 150, wakati aliyepita hatua kwa hatua lazima afikishe 200. Mashirika kadhaa ya ndege yanaipenda kwa sababu kumbukumbu zote za mwanafunzi ziko mahali pamoja, kuanzia somo la kwanza hadi mtihani wa mwisho, na ni rahisi kuona alikua vipi.

Sasa ugumu wake. Nadharia ya ATPL kwa mfumo wa Ulaya ni masomo 13, kila somo linataka asilimia 75: sheria za anga, hali ya hewa, urambazaji, injini na mifumo ya ndege, uzito na mizani, uwezo wa mwili wa binadamu, na mengine. Kwenye mkupuo unayabeba yote kwa miezi michache mfululizo. Niliowaona wakianguka hawakuwa na akili pungufu. Walikuja bila maandalizi, wakitarajia shule iwafundishe hesabu za pembe na fizikia ya sekondari upya, huku shule ikidhani hayo wanayo. Wiki ya tatu wako nyuma, wiki ya sita wamezama. Mwenye nia ya mkupuo ajipe miezi mitatu ya kurudia hesabu na fizikia kabla ya kufika, na ajizoeze kukokotoa kichwani: mwendo, muda, umbali, mafuta. Angani huna kalamu ya ziada.

Uvumilivu unaodaiwa hapa ni wa siku baada ya siku. Ukungu unafuta safari yako siku nne mfululizo. Mkufunzi uliyemzoea anahama, anayekuja anataka kila kitu kwa namna nyingine. Unafeli jaribio la maendeleo, wenzako wanasonga, wewe unarudia. Hakuna wikendi ya kukaa mbali na jambo hilo hadi moyo utulie. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na haya ni ya baridi.

Tukirudi kwenye kipimo changu: mkupuo ukikatika, unabaki na nini? Mara nyingi ni kidogo mno. Mwanafunzi wa mkupuo anaweza kufika mbali katika kozi bila leseni yoyote mkononi, kwa kuwa mtaala umepangwa kumfikisha CPL moja kwa moja. Ukiishiwa pesa kwenye saa ya 110, una saa 110 na daftari la kuziandikia. Kuzihamishia shule nyingine kunahitaji mamlaka ya anga izitathmini, na huenda ukarudia sehemu. Kibaya zaidi ni kulipa karo yote siku ya kwanza. Mwaka 2020 dunia nzima iliona jinsi sekta hii inavyoweza kusimama ghafla. Shule ikifungwa, aliyelipa kwa awamu anapoteza awamu moja. Aliyelipa yote anapoteza yote. Punguzo la bei kwa anayelipa mapema halina uzito mbele ya hatari hiyo.

Hatua kwa hatua: uvumilivu wa miaka

Mimi nilipita huku, basi nitasema kwa urefu kidogo, mazuri na mabaya.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba kila hatua inakuachia kitu halali. Ukipata PPL, ni rubani. Ukisimama mwaka mmoja kuhangaikia karo, bado ni rubani. Unaweza kuendelea na kazi yako, ukasoma nadharia usiku, ukabadilisha shule isipokuridhisha. Hatari inagawanyika vipande vipande, na hakuna kipande kimoja kinachoweza kukuangusha moja kwa moja. Kwa mtu asiye na uhakika wa karo yote, kwangu hili linamaliza mjadala.

Ubaya wake ni kutu. Ufundi wa kuruka unafifia usipoutumia, na mtu wa hatua kwa hatua anajikuta akinunua kitu kilekile mara mbili. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa naruka mara moja kwa mwezi, kila nilipopata mshahara. Nusu ya kila somo ilikwenda kurudisha nilichosahau. Nilikuwa najiona mvumilivu, kumbe nilikuwa napoteza. Baadaye nilibadilisha utaratibu: miezi mitano ya kuweka akiba bila kugusa ndege, kisha wiki tano za kuruka mara tatu au nne kwa wiki. Pesa ni ileile, maendeleo yakawa zaidi ya mara mbili. Nikiulizwa siri moja ya njia hii, ni hiyo: usiruke kidogo kidogo, kusanya kisha ruka kwa mfululizo.

Kutu nyingine ni ya nadharia, na hii ina tarehe ya mwisho. Kwa mfumo wa Ulaya, mitihani yote 13 lazima ikamilike ndani ya miezi 18 tangu ulipokalia wa kwanza, na huruhusiwi zaidi ya majaribio manne kwa karatasi moja. Ukifaulu yote, una miezi 36 ya kupata leseni ya biashara na kibali cha kuruka kwa vyombo, yaani kuongozwa na vipimo vya ndege bila kutegemea kuona nje, la sivyo matokeo yanakufa kwa madhumuni hayo. Kwa hiyo usikimbilie mitihani kwa sababu tu ina nafuu kuliko kuruka. Anza ukiwa unaona pesa ya hatua zinazofuata inakotoka.

Kisha kuna kukusanya saa, sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Kati ya PPL na CPL unahitaji saa nyingi ukiwa wewe ndiye msimamizi wa ndege. Kiwango cha ICAO ni saa 100, au 70 ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake kuna safari moja ya angalau maili 300 za baharini, kama kilomita 540, yenye kutua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Wengi huzila saa hizi kwa kuzunguka uwanja uleule wakitazama mandhari, na daftari linajaa huku rubani akibaki palepale. Mimi naamini kila saa iwe na kazi yake: leo viwanja vipya viwili, kesho urambazaji bila chombo cha satelaiti, keshokutwa kutua kwenye upepo wa ubavuni pamoja na mkufunzi. Andika baada ya kila safari nini kilikwenda vibaya. Miaka kadhaa baadaye, kwenye usaili, niliulizwa nieleze uamuzi mgumu niliowahi kufanya nikiwa peke yangu angani. Jibu lilikuwa kwenye daftari langu la pembeni: siku niliyogeuza ndege kurudi nilikotoka kwa sababu mawingu yalishuka, ingawa nilibakiwa na dakika 15 tu kufika.

Uvumilivu wa njia hii ni wa miaka, na ni mpweke. Hakuna darasa linalokusubiri. Ndugu wataacha kukuuliza. Wenzako wa mkupuo watakuwa wameajiriwa nawe bado unatafuta karo ya kibali cha injini mbili. Aliyezoea kusukumwa na ratiba ya mtu mwingine hupotelea humu, akiwa na PPL kabatini na ahadi ya "mwakani". Jijue kabla hujachagua.

Milango miwili ya pembeni

Ukadeti ni pale shirika la ndege linapokuchukua kabla hujawa rubani, likakupeleka shule, kisha likakuajiri. Baadhi ya programu hizi zinatumia leseni ya MPL, ambayo ICAO iliianzisha mwaka 2006. Inataka saa zisizopungua 240, lakini hizo ni jumla ya saa za angani na za simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza ndege, na tangu mapema mwanafunzi anafundishwa kufanya kazi kama mmoja wa marubani wawili. Ni mafunzo mazuri sana kwa kazi yenyewe. Ila leseni hii imefungamana na kazi ya marubani wawili, na kozi yake kwa kawaida imefungamana na shirika moja. Shirika likiacha kuajiri, kadeti wa MPL ana leseni isiyomruhusu kufanya kazi nyingi ambazo mwenye CPL wa kawaida angezifanya akisubiri. Ukipata nafasi ya ukadeti, ichukue kwa mikono miwili, lakini soma mkataba wa kulitumikia shirika kifungu kwa kifungu: miaka mingapi, deni kiasi gani ukiondoka, na nani anabeba gharama shirika lenyewe likijitoa.

Jeshi linafundisha bure na linafundisha vikali, ila unalipa kwa miaka ya utumishi, na anayeamua ukaruke nini au usiruke kabisa ni jeshi. Asiyetaka uaskari asiingie kwa ajili ya saa. Na saa hizo peke yake hazikuwahi kuwa hakikisho. Marlon Green alikuwa rubani wa Jeshi la Anga la Marekani. Aliomba kazi katika shirika la ndege la Continental mwaka 1957, akanyimwa kwa sababu ni mweusi. Kesi yake ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, akashinda mwaka 1963, na kazini akaingia mwaka 1965. Ni miaka 8 kutoka ombi hadi kiti.

Bonde la baada ya leseni

Wanaolinganisha shule husahau kulinganisha hiki. Mkupuo au hatua kwa hatua, mtu anatoka na saa kama 200, na mlango wa shirika la ndege huenda uko mbali bado. Marekani umbali huo umeandikwa kwenye sheria. Baada ya ajali ya ndege ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la abiria lazima awe na leseni ya juu, maana yake saa 1,500, na punguzo hadi 1,000 kwa baadhi ya waliosomea urubani chuo kikuu na 750 kwa waliofunzwa jeshini. Kwingineko mtu anaweza kuingia na saa 200 na kitu, ila foleni ni ndefu na usaili ni mkali. Jua bonde lako ni la aina gani kabla hujapanga bajeti.

Katika bonde hilo, kwa maoni yangu, ukufunzi unashinda njia nyingine zote. Kubeba wanaoruka na miavuli, kuvuta mabango, kupiga picha za ardhi kutoka angani, vyote ni saa halali na vinafundisha ustadi wa mkono. Lakini mkufunzi analazimika kueleza kila anachofanya, na anayeeleza hasahau. Maswali ya usaili anayajibu kila siku kwa wanafunzi wake. Emily Howell Warner alifundisha urubani kwa miaka mingi huku akiwaona wanaume aliowafundisha wakiajiriwa na mashirika, naye akikataliwa kwa kuwa mwanamke. Shirika la ndege la Frontier lilipomchukua mwaka 1973, alikuwa na saa kama 7,000. Miaka mitatu baadaye akawa kapteni. Alipoitwa, alikuwa tayari zaidi ya waliokuwa wakimhukumu.

Kuna mtego mmoja humo bondeni: kujilipia kibali cha aina fulani ya ndege kubwa bila ahadi ya kazi. Kibali hicho kinahitaji kuhuishwa kwa mtihani, na bila saa za kweli kwenye ndege hiyo shirika halikioni kuwa na uzito. Pesa hiyo itumie kuweka hai kibali cha kuruka kwa vyombo na cheti cha afya, ili simu ikilia Jumatatu uweze kukaa kwenye simuleta Jumatano.

Na ukifeli mtihani njiani, usiufiche. Mimi nilifeli mtihani wa kuruka kwa vyombo mara ya kwanza: nilishuka chini ya kimo nilichoruhusiwa wakati nikibishana na redio. Kumbukumbu hiyo ipo hadi leo. Wasaili waliiona, wakaniuliza nilifanya nini baada ya pale. Niliweza kuwaeleza saa kwa saa, siku kwa siku, hadi mtihani wa pili.

Ningemshauri nani nini

Una karo yote pamoja na akiba ya ziada ya kama moja ya tano, huna mtu anayekutegemea, na unasoma vizuri chini ya shinikizo: mkupuo, kwa malipo ya awamu. Una kazi, familia, au karo inayokuja kwa mafungu: hatua kwa hatua, kwa mtindo wa kukusanya kisha kuruka mfululizo. Una miaka 18, alama nzuri na afya imara: omba ukadeti kwanza, tena zaidi ya mwaka mmoja, huku ukiandaa njia nyingine. Anayekopa karo yote kwa kuweka rehani nyumba ya wazazi ili aingie mkupuo, huyo ningemzuia mlangoni.

Kabla ya kutia sahihi popote, nenda shuleni siku ya kazi isiyo ya maonyesho. Hesabu ndege zilizo angani na zilizo karakana. Uliza mwanafunzi wa mwisho aliyemaliza alichukua miezi mingapi, kisha muulize mwanafunzi mwenyewe, si ofisi. Uliza kuna wanafunzi wangapi kwa kila mkufunzi, na nini kinatokea kwa pesa yako ukiugua miezi mitatu. Omba jibu hilo kwa maandishi.